Uzi Uliokufa Bila Kukatika

Kwa miezi kumi na minne uzi wa raketi yangu haukukatika, na nilihakikisha kila mtu uwanjani analijua hilo. Wenzangu walikuwa wanakata nailoni kila baada ya wiki tano, sita. Mimi natamba. Hapa Kigoma uzi usiokatika si jambo la kubeza. Wakati ule hatukumjua mtu yeyote mjini wa kufunga nyuzi za tenisi. Uzi ukikatika, raketi unampa mtu anayepanda treni kwenda Dar es Salaam, naye ampe mtu, huyo ampelekee fundi, kisha unakaa kusubiri. Raketi ya rafiki yangu mmoja ilirudi baada ya wiki tatu imefungwa safi kabisa, ila haikuwa raketi yake.

Kwa hiyo shemeji aliponiletea raketi yenye uzi wa poliesta, mweusi, mgumu kama waya, akaniambia "huu hautakusumbua," niliupokea kwa mikono miwili. Na kweli haukukatika. Kilichosumbua ni kiwiko.

Kilianza kidogo kidogo. Nafundisha hesabu, mkono uko juu ubaoni kutwa nzima, nikadhani ni chaki. Kisha nikashindwa kukamua suruali ya jinzi. Halafu asubuhi moja nikanyanyua birika la chai, birika la kawaida tu la vikombe sita, vidole vikaachia vyenyewe. Maumivu yalikuwa upande wa nje wa kiwiko, pale kwenye mfupa uliochomoza, yakishuka hadi kwenye kigasha. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliponibonyeza pale niliruka. Akaniuliza: umebadilisha nini? Nikamjibu sijabadilisha kitu, raketi ni ileile, uzi ni uleule, huu mwaka wa pili. Yeye hachezi tenisi, hakuona kasoro katika jibu hilo. Mimi mwenyewe ilinichukua miezi miwili ya kukaa benchi kuiona.

Poliesta ni uzi mmoja mzima kama mshipi wa kuvulia, haukusokotwa kwa nyuzinyuzi. Nailoni nyingi za raketi zina nyuzinyuzi ndogo ndani yake, inavutika na kurudi, ndiyo maana mkononi ni laini na ndiyo maana inasagika upesi. Poliesta inavutika kidogo mno, na ikivutika hairudi yote. Mara tu baada ya kufungwa inaanza kupoteza mkazo hata ukiitundika ukutani bila kuigusa, tena sehemu kubwa inaondoka siku hiyohiyo ya kwanza. Kinachobaki kinachukuliwa pigo kwa pigo. Ukiuchezea uzi huo kwa nguvu saa kumi, tuseme hadi ishirini, kwa macho utauona mzima, lakini kazi yake umeshaimaliza. Mtu akisikia "umelegea" anadhani umekuwa laini. Hapana. Ugumu wake uko palepale, kilichokufa ni kule kurudi. Mpira unafika kwenye raketi unakuta kama ubao, unatoka mvivu, wewe unaongeza nguvu za bega na kiwiko ili ufike mbali, na kila mtikisiko unapanda kwenye mpini hadi mfupani. Nilicheza hivyo mara tatu kwa wiki, huku nikijisifu. Na raketi nilikuwa naiacha stoo chini ya bati, ambako joto la mchana linaulegeza uzi zaidi.

Sasa mbona wachezaji wanaulilia? Kwa sababu ukiwa mpya ni mtamu, sitasema uongo. Mwaka 1997 Gustavo Kuerten wa Brazil, akiwa wa 66 duniani kwa ubora, alitwaa ubingwa wa Roland Garros kule Paris akitumia poliesta ya Luxilon, kampuni ya Ubelgiji. Baada yake wakubwa wakaanza kuhama mmoja mmoja kutoka kwenye nyuzi za utumbo wa ng'ombe. Siri yake ni kuteleza. Unapoukwangua mpira kutoka chini kwenda juu, nyuzi za kusimama zinasogezwa pembeni, kisha zinaruka kurudi mahali pake kabla mpira haujaondoka, na kule kuruka ndiko kunakouzungusha. Mpira unapanda juu ya wavu kama unatoka nje, halafu unadondoka ndani ya mstari. Ukishaonja hilo nailoni unaiona kama chandarua.

Ila kwenye mashindano makubwa mipira hubadilishwa baada ya gemu saba za mwanzo, kisha kila baada ya gemu tisa, na wengi wa hao wakubwa wakiletewa mipira mipya wanachomoa na raketi nyingine iliyofungwa upya. Uzi wao unazeeka kwa dakika. Sisi tuliiga uzi, ratiba yao hatukuitazama.

Dalili niliyokuwa nayo vidoleni kila siku nisiitambue ni hii: kati ya pointi na pointi nilikuwa nazipanga nyuzi kwa vidole, kuzirudisha kwenye mstari. Nilidhani ndiyo madoido ya wachezaji wa kwenye televisheni. Kumbe poliesta iliyo hai hujipanga yenyewe. Ukiona inabaki ulipoiacha, imekwisha. Tazama kwa karibu pale nyuzi mbili zinapokutana: utaona kijifereji, mmoja umejichimbia kitanda ndani ya mwingine. Uzi uliojichimbia hauwezi kuteleza tena.

Tulipochoka na habari za treni tulichangishana watu wanne tukanunua mashine ya mtumba. Ni ya mezani, haitumii umeme. Ina fimbo ya chuma yenye jiwe la uzito, na fimbo imechorwa paundi upande mmoja, kilo upande mwingine. Unalisogeza jiwe hadi kwenye namba unayoitaka, unaubana uzi, unaiachia fimbo ishuke polepole. Ikitulia sambamba na meza, uzi umevutwa kwa mkazo uliouchagua. Ikipita chini au ikibaki juu, unairudisha, unakaza upya. Kwa mwalimu wa hesabu ni raha tupu, ni mambo ya nyenzo tuliyosoma sekondari yakifanya kazi mbele ya macho yako.

Raha iliishia hapo. Raketi ya kwanza ilinichukua saa nne na nusu. Pakiti moja ina uzi wa mita 12, na poliesta ikitoka kwenye pakiti inatoka kama springi, inataka kurudi kwenye mviringo wake. Niliivuta kwa pupa, ikajikunja kona kali. Nailoni ikijikunja hivyo unainyoosha na maisha yanaendelea. Poliesta ikishavunjika kona, hapo ndipo itakapokatikia siku moja, na ya kwangu haikungoja siku: ilikatikia mashineni, nikiwa nimebakiza mistari minane ya kulala. Pakiti nzima ikaenda. Nilikaa kimya pale mezani kwa muda ambao sitausema.

Aliyeniokoa ni baba mdogo, ambaye hajawahi kupiga mpira wa tenisi hata mmoja. Yeye ni fundi nyavu Kibirizi. Siku za mbalamwezi humpati kabisa, maana dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina maana. Wavuvi wanalala majumbani na nyavu zote zilizochanika zinamwangukia yeye. Lakini mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Mitumbwi ikapandishwa mchangani, baba mdogo akawa anakuja barazani kwangu kila alasiri kutafuta kitu cha kukosoa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mshipi gani huo unaogombana nao?"

"Si mshipi, ni uzi wa raketi."

Aliushika kati ya kidole gumba na cha shahada, akaupitisha taratibu hadi mwisho kama anayehesabu tasbihi, akaunusa. Sijui kwa nini aliunusa. "Huu umelala umeviringwa muda mrefu," akasema. "Unyooshe kwanza ndipo uanze kuongea nao." Akafunga ncha moja kwenye mpera wa uani, akarudi nyuma na ncha ya pili hadi mlango wa jikoni, akauegemea kwa mgongo bila kuushtua, akakaa hivyo kama anasikiliza redio. Alipouachia ulianguka chini umenyooka, ukajikunja kidogo tu nchani. Tangu siku ile sijawahi kupeleka uzi mashineni bila kuupitisha kwenye ule mpera.

Kwenye kusuka alinisahihisha jambo ambalo mafundi wa raketi wanalijua vizuri, yeye akalitoa kwenye nyavu na mikeka. Raketi yangu ina nyuzi kumi na sita za kusimama na kumi na tisa za kulala. Za kusimama hazina shida, unaanzia katikati unakwenda pembeni, huku na huku, usizidishe upande mmoja fremu ikapinda. Kazi iko kwenye zile za kulala, juu, chini, juu, chini. Nilikuwa nasuka mstari, naukaza kwa mashine, ndipo naanza unaofuata. Kumbe mstari uliokazwa unazisukuma zile za kusimama upande ambao ni kinyume cha unakotaka kupita sasa, unabaki kuchokoa kama unatoa mwiba. Baba mdogo alinitazama mistari miwili, akanipokonya. "Tanguliza mmoja," akasema. Suka mstari unaofuata wakati ule wa nyuma bado umelegea, ndipo uukaze wa nyuma. Daima uwe mbele mstari mmoja. Raketi ya saa nne na nusu ikashuka hadi saa mbili, na siku hizi saa moja na robo.

Halafu akanigomba kwa kuuvuta uzi kama msumeno. Poliesta ikipita juu ya poliesta mahali pamoja, mita tano mfululizo, inaunguza: utaona mkwaruzo mweupe kwenye uzi wa kusimama kabla hata mpira haujapigwa. Kwa hiyo mkono mmoja unavuta, mwingine unausogeza uzi juu na chini, juu na chini, usisugue sehemu moja. Hilo mvuvi halihitaji kitabu, viganja vyake vina makovu ya mshipi.

Fundo langu alilicheka waziwazi. Uzi wa aina hii hauna nyuzinyuzi za kushikana, unateleza juu ya nafsi yake, kwa hiyo fundo la kamba ya mbuzi halifai. Unazungusha mara mbili kwenye uzi uliokwisha kukazwa, unapitisha ncha ndani, na kabla ya kukaza unaulowesha kwa mate. Nilidhani ananitania. Akaniambia kavu linajiunguza likikazwa, na sangala, yule samaki mkubwa, akishavuta, fundo lililoungua ndilo la kwanza kuachia. Unakaza kwa koleo, taratibu, kwa mkono wako. Usilikaze fundo kwa mashine, maana utachana vile vipete vya plastiki vya fremu, na Kigoma vipete hivyo huvipati.

Ni yeye pia aliyeuliza swali ambalo kila mtu hapa ziwani analiuliza: mshipi si uko tele, kwa nini usifunge mshipi? Sikuwa na jibu, tukajaribu. Tulichukua mshipi mnene wa ndoano za samaki wakubwa, nailoni tupu. Fimbo ya mashine ilisema yote. Kwa poliesta, fimbo inashuka kidogo na kusimama. Kwa mshipi ilishuka, ikapita, nikakaza upya, ikashuka tena, ikapita tena, kama inanyonya. Tulifika mwisho kwa ubishi tu. Jioni niliichezea: mpira ulikuwa unaondoka kama umepigwa na manati, mmoja ukavuka ukuta. Baada ya nusu saa nyuzi zilikuwa zimelegea kama bakuli, ungeweza kupakulia ugali humo usimwagike. Baba mdogo alisema tatizo ni raketi.

Kuhusu mkazo, kosa langu kubwa lilikuwa kuibeba namba ya nailoni na kuiweka kwenye poliesta. Raketi yangu imeandikwa shingoni paundi 50 hadi 60, na raketi ile ya shemeji ilikuwa imefungwa 58 kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Kwa uzi mgumu hiyo ni adhabu. Sasa nafunga 48, karibu kilo 22, chini hata ya kile kilichoandikwa, na mpira hautoki nje kama nilivyoogopa, kwa sababu mzunguko unaurudisha ndani. Unene natumia milimita 1.25. Ule wa 1.30 unadumu zaidi kabla ya kukatika, lakini nimeshasema nilikofikishwa na hamu ya kudumu. Zipo zenye pembe, ukizishika unasikia kingo, zinashika mpira vizuri zaidi na zinakula mwenzake upesi zaidi. Mimi nabaki na ya mviringo.

Namba hiyo nayo si msahafu. Mwaka jana tulipanda treni kwenda kucheza Tabora, kama kilomita 400 za reli, na kule mpira wangu ukagoma kukaa ndani. Raketi ileile, uzi wa wiki ileile. Gemu tatu nzima nalaumu usingizi wa behewani. Mwenyeji mmoja, mzee wa makamo aliyekuwa amekaa chini ya mwembe, ndiye aliyeniambia kwa upole, "Mwalimu, wewe umetoka ziwani." Kigoma tuko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora wako karibu 1,200. Hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali. Kanuni za tenisi zenyewe zina mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, na Tabora wako chini kidogo tu ya hapo, kwa hiyo wanacheza na mpira wa kawaida na wanajua namna ya kuufunga kamba: wanaongeza paundi mbili, tatu. Nilirudi nyumbani na madumu mawili ya asali na kipigo cha 6-2, 6-1.

Kwa wanafunzi wangu sifungi poliesta tupu, hata wakinililia, na wananililia kwa sababu wameiona kwenye simu. Mtoto ambaye hajaweza kuzungusha mkono kwa kasi hausogezi huo uzi hata kidogo, anapata ugumu wake bila kupata utamu wake. Anayeanza ni nailoni. Aliyekomaa kidogo namchanganyia: poliesta kwenye za kusimama, nailoni kwenye za kulala, mkazo nausogeza kati. Poliesta inaikata ile nailoni kama kisu cha mkate, ndiyo, lakini hilo kwangu sasa ni jema, maana angalau nailoni inamlazimisha mtoto arudi. Na pakiti moja ya mita 12 inatosha raketi mbili za namna hiyo, mita sita kila moja.

Jambo moja nalisema kwa ukali kwa yeyote anayenikabidhi raketi: poliesta ikikatika wakati unacheza, usiende nayo nyumbani ukaiacha hivyo wiki nzima. Zilizobaki zinaendelea kuvuta upande mmoja na fremu inapinda. Kata zote palepale, ukianzia katikati kwenda nje. Mvulana mmoja aliniletea yake baada ya siku tisa. Ilikuwa na umbo la pera.

Hizi za kukatika ni rahisi, mtu anakubali. Ugumu uko kwenye zile ambazo hazijakatika. Mwezi uliopita mama wa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, anauza nyanya soko la Mwanga, alimfuata bintiye uwanjani akanikuta na mkasi. Binti huyo ni mmoja wa wawili tu ninaowafungia poliesta tupu, ana mkono wa ajabu. Saa zake nazihesabu kwenye daftari, zilikuwa zimefika kumi na sita. Nikakata katikati, tap, tap, tap.

"Mwalimu! Mbona mzima huo?"

Nikamwambia umekufa, mama. Akaushika, akauvuta kwa nguvu zake zote, na mama yule ana nguvu. Haukukatika. Akanitazama jinsi unavyomtazama mtu anayemwaga maji ya kunywa. Nikamwonyesha vijifereji, nikampa raketi yangu iliyofungwa juzi asukume uzi mmoja kwa kidole aone unavyoruka kurudi, kisha asukume kwenye raketi nyingine ya zamani iliyokuwa ikisubiri zamu. Alifanya hivyo mara mbili, tatu. Hakusema ameelewa, wala hakusema hajaelewa. Aliinama akaviokota vipande vyote, kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la kanga.

Juma lililofuata nilipita bustanini kwake kununua nyanya. Kila mche umeegemezwa kwenye kijiti, umefungwa kwa kipande cheusi cha poliesta, ncha zimekatwa fupi. Niliinama kuyatazama mafundo. Alikuwa amezungusha mara mbili. Baba mdogo asingecheka.